Kitanda Chetu Kilipotolewa Nje

Mume wangu aliondoka Kamina kwa treni, amelala juu ya godoro tulilotandika sakafuni mwa behewa, na binti yetu mkubwa ameketi karibu na kichwa chake akimpepea kwa daftari. Tulikuwa tumeingoja treni hiyo siku mbili. Ilipoanza kwenda ilikwenda polepole mno, hata nikaweza kutembea sambamba nayo, mkono wangu ukiwa dirishani, mpaka simenti ya kituo ikaisha na mawe yakaanza. Hapo nikasimama.

Daktari wetu wa hapa alikuwa amesema kwamba kile kilicho tumboni mwake kinapaswa kupasuliwa Lubumbashi, na kwamba tusichelewe. Nilitaka kwenda naye. Yeye alikataa.

"Weye ukienda, nyumba itabaki na nani?" aliniuliza. "Mutoto anajua Lubumbashi, alisomea kule. Baki. Utaniombea hapa."

Nikabaki. Watoto wetu wengine wawili wana kazi zao mbali. Ilikuwa likizo kubwa na shule ilikuwa imefungwa. Kwa miaka yote niliyofundisha sikuwahi kuichukia likizo, lakini ile niliichukia tangu asubuhi ya kwanza. Nilifagia nyumba mara tatu kabla ya saa nne. Nilikwenda sokoni nikarudi na chumvi wakati chumvi ilikuwepo. Niliketi kusahihisha madaftari ya mwaka uliopita ambayo hakuna mtoto angeyarudia tena, nikainuka, nikaketi, nikainuka. Simu niliibeba mfukoni mwa aproni na kila dakika chache niliitoa kuona kama rezo, yaani mtandao, ipo. Mara nyingi haikuwepo.

Kitu kilichonishinda kabisa kilikuwa ukuta wa chumba chetu cha kulala. Mume wangu alikuwa ameugua ndani ya chumba hicho miezi minne. Upande wake wa kitanda, pale alipokuwa akiegemeza kichwa anapokunywa uji, palikuwa na doa jeusi la mafuta ya nywele. Chini yake rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, ukuta ukitoa unga mweupe kama ule wa muhogo. Niliutazama ukuta ule usiku na mchana. Siku ya tano niliona kwamba nikiendelea kuutazama nitapiga kelele. Nikaamua nyumba ipakwe rangi, ndani na nje, yote.

Mwalimu mwenzangu aliniambia kuna fundi mzuri anayekaa kijijini, kilomita kama kumi na mbili nje ya mji. Ni mkulima, alisema, mkatoliki wa familia ya wenyeji wa huko. Wakati wa mvua hapatikani ila shambani, lakini wakati wa jua huchukua brosi zake za rangi na kuja mjini. Ningeweza kumtumia ujumbe. Sikuweza kungoja ujumbe. Nilipanda pikipiki saa hiyo hiyo, vumbi jekundu likanijaa masikioni, na nikamkuta anaanika muhogo juu ya jiwe kubwa pana. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, nywele zake zimeanza kuwa nyeupe pembeni. Nikamweleza shida yangu nikiwa bado nimesimama.

"Kesho nitakuya kutazama," alisema.

"Kuanza kazi?"

"Kutazama tu, lolo."

Lolo ni mama, kwa Kiluba. Aliniita hivyo mpaka mwisho, ingawa sidhani kama nilimpita umri. Mimi nikamwita tata, yaani baba.

Alifika kwa baiskeli, brosi zake zimefungwa ndani ya kitambaa kilicholowa na juu yake mfuko wa plastiki. Hakuzifungua. Alitembea chumba hadi chumba akigonga kuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Katika chumba chetu alichuchumaa, akabandua kipande cha rangi kidogo kama ukucha, akakiweka juu ya ulimi.

"Chumvi," alisema, akatema. "Ukuta hii iko na mayi. Unyevu inapanda toka chini. Nikipaka leo, mwezi moja tu na rangi yote iko chini."

"Tata, paka tu."

"Hapana. Tukwangue kwanza. Ikauke. Kisha tupake."

"Ikauke siku ngapi?"

"Ukuta njo itasema."

Nilitaka kumfukuza. Nilijua wapo vijana mjini ambao wangepaka siku ile ile, juu ya chumvi na juu ya doa, na jioni ningekuwa na ukuta mwingine wa kutazama. Yeye akabaki amechuchumaa, ananiangalia.

"Kuko ndoa hapa?"

"Hapana."

"Kuko bageni banakuya?"

"Hapana."

"Basi haraka ni ya nini?"

"Bwana yangu iko mu safari," nilisema. "Nataka akute nyumba mupya."

Macho yake yakaenda dirishani, ambako chupa za dawa zilikuwa bado zimepangwa, nyingine tupu, nyingine nusu. Tukapatana bei bila maneno mengi, na kesho yake akaanza kukwangua.

Nilikwangua pamoja naye. Sikumwomba ruhusa, nilichukua kimojawapo cha visu vyake vipana na kuanza upande wa pili. Mwanzoni alishangaa, mama mwalimu mzima na kitambaa kichwani anachubua ukuta, lakini alipoona siachi, alinionyesha namna ya kukilaza kisu ili kisichimbe matofali. Tulifanya kazi siku nzima bila mazungumzo. Mikono yangu ilitoka malengelenge na nikayafurahia, kwa sababu yalikuwa maumivu yenye mahali. Kila aliposhuka kwenye ngazi kunywa maji, mimi nilikimbia nje na simu, nikaiinua juu kama mtu anayetaka kukamata ndege, nikarudi.

Mara ya mwisho kuzungumza na binti yangu ilikuwa Jumatatu. Alikuwa amesema wamefika salama, wamepata kitanda, daktari atamwona kesho. Kisha kimya. Jumanne hakuna kitu, Jumatano hakuna kitu. Alhamisi tulitoa vyombo nje.

Fundi alikuwa amesema chumba kile kinataka hewa na kwamba hawezi kufika pembeni kwa sababu ya kitanda. Tukakifungua kitanda, tukakitoa, tukakisimamisha tena chini ya jua mbele ya nyumba, na godoro juu yake. Tukatoa kabati. Suti za mume wangu zilikuwa zinanuka unyevu, nikazitundika kwenye kamba: ya kijivu, ya buluu, na ile nyeusi ya kanisani. Viatu vyake nikavipanga juu ya gazeti. Kioo kikubwa nikakifunika shuka ili vumbi la chokaa lisikiharibu. Nikafunga kitenge kikuukuu kiunoni na kitambaa cheusi kichwani, kwa sababu hicho ndicho kitambaa ambacho sikuogopa kukichafua. Lupango letu, yaani kiwanja cha nyumba yetu, halina ukuta, lina ua wa majani tu, na njia inayopita mbele yake ni ya watu wengi, wa miguu, wa baiskeli, wa pikipiki. Sikufikiria chochote. Nilikuwa na kazi, na kazi ilikuwa inanishika nisianguke.

Ilikuwa kama saa sita mchana. Nilikuwa ndani, uso wangu mweupe kwa vumbi, niliposikia sauti ya mwanamke langoni. Si sauti ya kubisha hodi. Nilitoka. Alikuwa mama mkubwa wa kanisa letu la Kimethodisti, anayeongoza wanakwaya, na chini ya kwapa lake alikuwa na mkeka. Aliniangalia. Akaangalia kitanda, akaangalia suti nyeusi kwenye kamba. Kisha akaweka mikono yote miwili kichwani na kulia.

"Yo, dada yangu! Yo! Amekuachia nani?"

Nyuma yake walikuwa wanne wengine, kisha sita. Walikuwa wanalia wote, wanaingia, wanatandaza mikeka.

Nataka kueleza jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Hapa mtu akifa kitanda na nguo zake hutolewa nje, na habari ya kifo haiendi kwanza kwa mwenye msiba. Inapigwa simu kwa mchungaji, au kwa jirani, au kwa kaka, na hao wanakusanyana kidogokidogo. Wanakuja kuketi na wewe. Wanazungumza mambo mengine mpaka wawe wengi wa kutosha kukushika, ndipo mmoja anasema. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Niliwahi kuketi saa nzima na mwalimu mwenzangu nikimzungumzia chaki na madawati, huku najua kwamba mtoto wake amekufa asubuhi.

Kwa hiyo nilipowaona wale mama na mikeka yao, sikufikiri kwamba wamekosea. Nilifikiri kwamba wameambiwa. Nilifikiri: kumbe ndiyo maana mtoto hapigi.

Sikulia. Niliketi pale pale kizingitini, kisu cha kukwangulia mkononi. Mama mkubwa akaja akanikumbatia, machozi yake yakachora njia kwenye vumbi la shavu langu. Nilimwuliza, "Nani alikuambia? Alikufa saa ngapi?" Naye akalia zaidi, na kwa kuwa hakujibu, niliamini zaidi.

Fundi alishuka kwenye ngazi. Alikuja mlangoni na brosi yake ya kufutia vumbi, akasimama katikati yetu. Hakuinua sauti.

"Bamama, nawaomba pardon. Nani alikufa hapa?"

Kilio kikapungua kidogo. Mama mkubwa akamwangalia kama mtu aliyeingiza miguu michafu kanisani.

"Weye ni nani?"

"Ni fundi wa rangi. Niko hapa tangu juzi. Sikusikia kilio. Nani alikuletea habari, mama?"

"Jirani yangu. Huyu hapa."

Jirani, mwanamke mfupi aliyekuwa ameshika leso, akasema, "Minyi nilisikia kwa mwenye pikipiki."

"Mwenye pikipiki gani?"

"Ule alileta magunia ya chokaa asubuhi. Alisema bamesha kutosha kitanda inje na manguo ya papa. Alisema banapaka nyumba juu ya kilio."

Fundi akageuka, akanyoosha brosi kuelekea kitandani. "Kitanda ni minyi nilikitosha. Ukuta iko na mayi. Njo habari yote."

Mmoja wa wale mama akaanza kukunja mkeka wake, akaacha, hakujua kama kuukunja ni adabu au si adabu. Mama mkubwa akafuta macho na kusema, "Bwana asifiwe," kwa sauti ndogo, na wengine wakaitikia. Lakini mimi sikuweza kuitikia. Wangeweza kuwa wamekubaliana. Wangeweza kuwa wameniona ninavyoketi wakaamua kuniachia saa moja zaidi. Nilimtazama kila mmoja usoni na kila uso ulinificha kitu, au niliona hivyo. Hofu ikishaingia haimwulizi mtu wa pikipiki alisema nini.

"Lolo," alisema fundi, "twende tutafute rezo."

Kuna mahali, ukipita reli na kupanda kidogo, ambako watu wa mtaa wetu husimama na simu zao. Nilitembea kwa haraka hata fundi, aliyekuwa anasukuma baiskeli yake, akabaki nyuma. Watu walinipisha. Nadhani nilikuwa wa kutisha, mweupe kwa chokaa toka kichwa hadi miguu, kitambaa cheusi.

Mara ya kwanza simu haikuita. Mara ya pili sauti ya mwanamke wa mashine ikaniambia kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani. Mara ya tano ikaita, na binti yangu akapokea.

"Mama? Mama, unanisikia?"

"Nakusikia! Papa iko namna gani?"

"Mama, asubuhi... papa... bame..."

Ikakatika.

Bame. Nilibaki na silabi hizo mbili sikioni. Bamemupasua. Bamemurudisha. Bamemufunika. Kila neno la heri na kila neno la shari lilianza hivyo hivyo, na mimi, mwalimu wa lugha, nilisimama kando ya reli nikiyajaribu moja baada ya jingine. Nilipiga tena na tena. Haikuita. Nilitembea toka mti wa umeme hadi pipa la taka na kurudi, toka mti hadi pipa na kurudi, mpaka mwanamke aliyekuwa anauza karanga hapo akahamisha sahani yake ili nisiikanyage.

Fundi aliegemeza baiskeli yake, akaketi juu ya jiwe. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia:

"Minyi nilijua tangu siku ya kwanza. Niliona zile chupa."

"Juu ya nini hukusema?"

"Ni mambo yako. Ulisema safari, nikasema sawa, ni safari." Akakwaruza chokaa kwenye ukucha wake. "Miaka mingi imepita, muke yangu alienda kwao Kinkondja kuzaa. Minyi nilibaki hapa na kazi. Siku moja mashemeji zangu bakanikujia, bakasema: tuko na nyumba moja, tupakie leo, leo tu. Nikapaka. Balikuwa bazuri sana kwangu siku ile. Baliniletea bukari, baliniletea samaki. Kila nikisema nimechoka, banasema bado ukuta moja. Nilipaka mpaka jua likaingia. Kumbe alikuwa amesha kufa na mutoto tumboni. Balijua tangu asubuhi. Balikuwa banangoja kaka yake afike, ndipo baniambie."

Niliacha kutembea.

"Sikubakasirikia," alisema. "Balifikiri banafanya muzuri. Lakini tangu siku ile, nikiwa mu kazi ya muntu na nikiona kitu kinafichwa, siwezi kushika brosi. Njo maana nilitoka kuuliza bale bamama. Kama bangekuwa banajua kweli, ningewaambia baseme pale pale."

Nilisema "Pole, tata," neno dogo mno. Akatikisa kichwa. Nikaenda nikaketi kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu treni iondoke niliketi bila kuinuka kwa muda ambao ungetosha kumenya muhogo mmoja. Kisha nikainuka nikaanza tena kutembea, kwa sababu huruma kwa mwingine haikuniondolea hofu yangu.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa mabehewa mabovu simu ilipoita mkononi mwangu. Niliidondosha. Fundi aliiokota, akabonyeza, akaniwekea sikioni.

"Mama! Bamemupasua asubuhi. Iko analala."

"Anapumua?"

"Anapumua, mama. Aliamka kidogo, aliniuliza kama ulikula."

"Sema tena."

"Anapumua."

"Usiniongopee, mutoto wangu. Mutu anakulazimisha kusema hivi?"

"Mama! Niko naye hapa. Sikiliza." Akaweka simu karibu naye, na nilichokisikia kilikuwa mkwaruzo tu wa rezo mbaya, au pumzi ya mume wangu; mpaka leo sijui. Nililia hapo mbele ya mwenye karanga, kamasi na chokaa vikichanganyika. Fundi aliangalia upande mwingine kwa adabu, akaukagua mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa na kasoro.

Tuliporudi, wale mama walikuwa bado wapo. Walikuwa wamerudisha suti kabatini, wamekibeba kitanda hadi sebuleni ili umande usikipate, na jikoni kwangu bukari, ugali wetu, ilikuwa inasongwa kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine. Niliwaambia. Mama mkubwa aliomba sala ndefu, na katikati ya sala akacheka, akajifunika mdomo, kisha wote wakacheka. Tulikula pamoja. Hata hivyo nilipochukua tonge nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu masaa mpaka simu nyingine.

Kwa maana habari njema haikunituliza. Mtu aliyepasuliwa anaweza kupata homa, kidonda kinaweza kukataa kufunga. Ukuta nao ulikuwa bado una maji. Kila asubuhi fundi aliweka kiganja juu yake na kusema "bado", na kila asubuhi nilikwenda kando ya reli na binti yangu akasema "bado kidogo", na kati ya bado hizo mbili nilikuwa naikimbiakimbia Kamina kama kuku aliyefunguliwa kamba. Nilitafuta rangi sokoni. Iliyokuwepo ya kutosha vyumba vyote ilikuwa moja tu, ya kijani kile cha kuta za hospitali. Nilikataa hata kuigusa. Fundi alipata nyeupe, akaichanganya na unga wa manjano ndani ya ndoo, akajaribu kwenye ubao, akasubiri ikauke, akaongeza, mpaka ikatoka rangi kama ya ndani ya ndizi iliyoiva. Wiki ya tatu aliweka kiganja ukutani, akaweka na shavu. "Sasa," alisema. Siku mbili tu chumba kikaisha. Nililala humo bila kutazama ukuta.

Nje ilikuwa chokaa nyeupe, na chini mkanda wa rangi nyekundu iliyoiva sana, kimo cha goti, kwa sababu udongo wetu hurukia kuta kila mvua inaponyesha. Mbele ilikwisha, upande wa mashariki ukaisha. Upande wa magharibi alikuwa amepaka mkono wa kwanza wa chokaa mchana, akaenda kwake kwa sababu jirani yake wa kijijini alikuwa na ubatizo. Mvua ya kwanza ya mwaka ikaja alasiri hiyo, mapema, bila kututayarisha. Nilitoka na shuka, na plastiki, na mkeka. Nilipanda ngazi kufunika ukuta ambao ni mrefu kuliko mtu yeyote anaweza kuufunika. Upepo ulichukua plastiki ukaitupa kwa jirani. Nikasimama kwenye matope nikitazama chokaa inavyoteremka nyeupe kama maziwa juu ya mkanda mwekundu.

Fundi alipofika asubuhi alitembea kutoka mwisho mmoja wa ukuta hadi mwingine.

"Tunaanza tena," alisema.

Nilidhani nitakasirika. Nikamwambia, "Nipe brosi moja."

Walirudi kwa treni, mume wangu na binti yetu, siku ambayo upande wa magharibi ulikuwa umefika nusu. Alishuka mwenyewe. Shati lake lilikuwa limemzidi hata kola ilizunguka shingo bila kuigusa. Alipofika nyumbani alipita mlangoni, akaingia chumba hadi chumba akishika kuta kwa ncha za vidole, kisha akaomba kiti kiwekwe nje mahali anapoweza kumwona fundi akifanya kazi. Hawakuwahi kuonana. Baada ya salamu za Kiluba, ndefu, mume wangu alisema:

"Tata, ile rangi ya chini iko giza sana."

"Ni udongo ya Kamina njo inataka giza, papa."

"Ningependa ya kijivu."

"Kijivu itakuwa nyekundu mu wiki moja. Bora ianze nyekundu."

Wakabishana hivyo mpaka jioni, wakihamia kwenye mahindi na bei ya mbegu, na nilimsikia mume wangu akipinga jambo kwa nguvu ambazo hakuwa nazo tangu mwanzo wa mwaka.

Majirani walikuja kumsalimu. Aliona kwamba wanamshika mkono kwa muda mrefu, wengine wakimgusa bega kama wanaopima kitambaa. Walipoondoka aliniuliza kuna nini. Nikamsimulia: kitanda, suti nyeusi, mwenye pikipiki, mikeka. Alicheka mpaka akashika kidonda chake kwa mikono miwili, akisema "acha, acha, kitafunguka". Kisha akawa anaangalia miguu yake.

"Nani alilia sana?" aliuliza.

Nikamwambia. Alifikiri kidogo.

"Na yule mwenye duka, jirani yetu wa miaka yote hii? Hakuja?"

"Hakuja."

"Basi nimemjua," alisema mume wangu, na kwa wiki nzima hakununua sabuni kwake.

Fundi alimaliza ukuta wa magharibi kati ya mvua mbili. Alizifunga brosi zake, akanywa chai pamoja nasi, na kesho yake alikuwa shambani kwake kwa sababu wakati wa kupanda ulikuwa umefika. Daktari wa Lubumbashi alikuwa ametaka mume wangu arudi baada ya miezi sita, na miezi hiyo sita niliibeba mwilini kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni.

Mkurugenzi wa shule alikuwa amenipa ruhusa ya wiki za kwanza, na nilipoanza tena kufundisha niliacha chakula kimefunikwa, simu kando ya mto, namba ya jirani imeandikwa kwenye karatasi. Wakati wa mapumziko niliwaacha watoto uwanjani nikarudi nyumbani kwa mwendo ambao si wa mwalimu. Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda kimetandikwa. Simu ilikuwa pale pale kando ya mto. Nilitoka nikimwita, nikauliza kwa jirani, nikauliza kwa mwenye kutengeneza baiskeli pembeni ya njia, naye akanyoosha spana yake kuelekea soko.

Nilimkuta kwa kinyozi, chini ya turubai la buluu, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa. Alikuwa anamweleza kinyozi habari za chakula cha hospitali. Aliponiona ninavyohema, alisogeza miguu yake kunipa nafasi kwenye benchi.

"Kaa," alisema. "Iko karibu kumaliza."

Kengele ya shule ilikuwa imeshalia. Nikakaa.